Namna ya Kuondoa Visiki vya Miti Kiwanjani na Shambani

Kazi ya kuondoa kisiki huanza wakati mti ungali umesimama. Watu wengi humwita fundi mwenye msumeno wa mnyororo, wakamwagiza akate usawa wa ardhi ili pabaki pasafi, wakamlipa na kuagana naye. Miezi michache baadaye, wanapotaka kuchimba msingi wa nyumba au kupitisha trekta, ndipo wanapogundua kwamba wamebaki na bonge la mti lisilo na pa kushika wala pa kufungia mnyororo. Shina walilolikata ndilo lililokuwa wenzo wao. Mti uliosimama, ukifungwa kamba juu na kuvutwa baada ya mizizi yake ya pembeni kukatwa, huing'oa mizizi iliyobaki kwa uzito wake wenyewe, ilhali kisiki kilichokatwa chini kabisa hudai nguvu hiyo yote itoke mabegani mwa vibarua.

Kwa hiyo anayekusudia kung'oa aache shina lenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu, au auangushe mti pamoja na mizizi yake ikiwa eneo linaruhusu uanguke salama. Anayekusudia kukiua kisiki na kukiacha kioze akate chini kadiri msumeno unavyoweza kufika bila kugusa udongo. Kukata kwenye kimo cha goti ni kujinyima faida za pande zote mbili, na kwa bahati mbaya ndicho kimo wanachokipenda wakataji wengi, kwa kuwa hakiwalazimishi kuinama.

Suala la kibali nalo limalizwe kabla ya kukata. Nchini Tanzania, miti ya thamani kama mninga na mpingo haikatwi kiholela hata ikiwa imeota ndani ya ua wa mtu, na pa kuuliza ni ofisi ya wilaya ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) pamoja na serikali ya kijiji au mtaa. Kenya, Shirika la Huduma za Misitu (KFS) ndilo lenye dhamana hiyo.

Ardhi itatumika kwa kazi gani?

Hakuna njia moja iliyo bora kuliko zote, na anayekuuliza "kisiki kinaondolewaje" bila kusema anataka kufanya nini hapo hajauliza swali zima. Mahali pa kujenga nyumba, kisiki chote pamoja na mizizi minene lazima kitoke. Kisiki kinachofukiwa chini ya jamvi la zege la sakafu au kuachwa ndani ya mfereji wa msingi huoza taratibu na kuacha uwazi, udongo ulio juu yake ukatitia, na ukuta ukapasuka pale ambapo fundi hakutarajia. Isitoshe, mti uliokufa ardhini ni chakula cha mchwa, na mchwa waliokwisha kuzoea kisiki hawahitaji mwaliko wa kuhamia kwenye fremu za milango na kenchi za paa.

Shambani mahesabu ni mengine. Jembe la sahani la trekta hulima kina cha sentimita 20 hadi 30, hivyo ukikiondoa kisiki na mizizi yake hadi sentimita 50 au 60 chini ya ardhi, kinachobaki huko chini hakitavunja jembe la mtu. Mkulima wa jembe la mkono anaweza hata kuvumilia visiki kwa misimu miwili mitatu, akilima katikati yake huku vikidhoofika. Kwenye bustani ya maua au uwanja wa majani, yatosha kukiua kisiki, kukikata sentimita 15 au 20 chini ya uso wa ardhi na kukifunika kwa udongo.

Zipo pia sehemu ambazo kung'oa ni kosa. Katika miteremko mikali, kama ile ya Uluguru, Usambara au Kilimanjaro, mizizi ya mti uliokatwa huendelea kuushika udongo kwa misimu kadhaa, na anayeing'oa kabla ya kupanda kitu kingine cha kuushika anaifungulia njia mvua ya kwanza ya masika. Kandokando ya mito, maziwa na bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Huko, chipukizi zikatwe na kisiki kiachwe.

Ujue mti unaoshughulika nao

Msonobari na saipresi ukikatwa, umekufa. Kisiki chake hakichipui tena. Mkaratusi ni kinyume chake kabisa. Wakulima wa nguzo na kuni huvuna mikaratusi mara kadhaa kutoka kwenye kisiki kilekile, kwa sababu chini ya gome kuna macho yaliyolala yanayosubiri shina likatwe ndipo yaamke. Hapo hapo ndipo penye udhaifu wake: gome likichunwa lote mara tu baada ya kukata, kutoka juu ya kisiki hadi chini kidogo ya usawa wa ardhi, macho hayo huondoka nalo. Gome la mkaratusi mbichi huchunika kwa urahisi, na kwa shoka na ncha ya mtaimbo kazi hiyo haichukui muda mrefu. Likishakauka hung'ang'ania, na kazi inakuwa mara tatu ya ile ya mwanzo.

Mwarobaini, mjohoro na mlusina nayo huchipua kwa wingi. Mlusina una tatizo la ziada la mbegu zinazobaki udongoni, ambazo zitaota kwa miaka kadhaa baada ya kisiki kusahaulika. Mathenge, mti uliopandwa Baringo nchini Kenya miaka ya 1980 na kisha ukasambaa bila kuombwa, huchipua kutoka sehemu ya juu ya mzizi, palipo chini kidogo ya uso wa ardhi. Kuukata usawa wa ardhi ni kuupogoa tu. Ni lazima uchimbe na kuukata mzizi chini ya eneo hilo lenye macho. Mwembe uliobebeshwa, ukichipua kutoka chini ya kiungio, hautakupa tena embe ulilolizoea bali tunda la shina la chini, hivyo asijidanganye anayeuacha kisiki chake akitumaini kupata mwembe wa bure.

Mnazi ni wa namna ya pekee. Hauna mzizi mkuu wala mizizi minene ya pembeni. Una maelfu ya mizizi yenye unene wa kalamu inayotoka kwenye kitako kilichovimba. Mizizi hiyo hukatika kwa jembe na beleshi lenye makali, na kisiki kikitikiswa hulegea upesi kuliko ukubwa wake unavyotisha. Hata hivyo, haifai kukiacha kioze chenyewe mahali penye minazi mingine. Magogo na visiki vya mnazi vinavyooza ndimo chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, anamotaga mayai, na wanaozaliwa humo hupanda juu na kutoboa makuti machanga ya minazi mizima. Mwenye minazi ang'oe kisiki, akipasue na kukichoma au kukikausha juani.

Ukikutana na ua wa minyaa, vaa miwani kabla ya kugusa chochote. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vikali na unaweza kumpotezea mtu uwezo wa kuona kwa muda. Ukimpata mtu, aoshe macho kwa maji mengi safi papo hapo na apelekwe zahanati.

Kung'oa kwa mikono

Hii ndiyo njia ya watu wengi, na ikifanywa kwa mpangilio ni nafuu na safi kuliko nyingine zote kwa kisiki chenye kipenyo kisichozidi sentimita 40 hivi. Wakati mzuri ni majuma ya mwisho ya masika au vuli, ambapo udongo bado una unyevu lakini haunati kwenye beleshi. Wakati wa kiangazi, chimba bakuli la kina kifupi kuzunguka kisiki na ulijaze maji jioni ya siku iliyotangulia, urudie mpaka ardhi iache kuyanywa kwa pupa. Udongo wa mfinyanzi usiuloweshe kupita kiasi, maana utajikuta ukichota tope.

Vifaa vinavyohitajika ni sururu, jembe, beleshi, mtaimbo mrefu, panga, tupa ya kunolea, na mashoka mawili. Shoka moja liwe zuri, la kukatia mizizi iliyosafishwa. La pili liwe la zamani ambalo hutalihurumia likigonga mawe. Mvae buti. Kabla ya pigo la kwanza, zunguka kisiki na uchunguze matundu, kwa sababu kisiki cha muda mrefu ni makazi ya nyoka, nge, nyigu, na wakati mwingine nyuki. Vilevile uulize bomba la maji limepita wapi, na kama kuna waya wa umeme wa ardhini, mfereji wa maji taka au shimo la choo lililofukiwa. Mizizi hupenda kufuata unyevu, hivyo bomba linalovuja na mzizi mnene mara nyingi hukutwa pamoja.

Chora duara lililo sentimita 60 hadi 75 kutoka kwenye shina, kisha chimba mtaro ukilifuata. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, urundike upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Utahitaji kuurudisha kila mmoja mahali pake. Kosa linalorefusha kazi kuliko mengine ni kuchimba mtaro mwembamba kwa kuogopa kutoa udongo mwingi. Mtaro usiofika upana wa sentimita 60 haumpi mtu nafasi ya kuzungusha shoka. Mpini unagonga ukuta wa shimo, pigo linafika likiwa limekufa, na vibarua wanashinda wakikwangua mzizi badala ya kuukata. Nusu saa ya kuongeza upana hulipa saa kadhaa baadaye.

Mizizi ya pembeni inapoonekana, isafishe kwa brashi na maji kidogo. Mchanga ulioganda kwenye gome huua makali ya shoka kwa mapigo machache, na mnyororo wa msumeno ukigusa udongo huo huhitaji kunolewa upya hapo hapo. Kila mzizi ukatwe mara mbili: kwanza kwenye ukuta wa nje wa mtaro, kisha karibu na kisiki, na kipande cha katikati kitolewe nje. Mzizi uliokatwa mara moja tu hubaki umetokeza ndani ya mtaro, ukimzuia mchimbaji na kumchoma miguu. Ukiona shoka linadunda juu ya mzizi unaonesa, ingiza kipande cha gogo chini yake uwe umekaa juu ya kitu kigumu. Pigo litazama badala ya kurudi. Jihadhari na mizizi iliyokaa kwa mvutano, hasa upande wa juu wa mteremko, kwani hukatika kwa kuruka.

Mizizi ya pembeni ikishaisha, chimba chini ya kisiki upande ule unaotaka kiangukie, kisha anza kulitikisa shina. Hapa ndipo ile mita moja na nusu uliyoiacha inapolipa. Watu wawili wasukume na kuvuta shina taratibu, na wa tatu asimame nje ya shimo akiangalia udongo. Pale udongo unapopasuka na kuinuka kila shina linapoegemea upande wa pili, hapo pana mzizi ambao haujakatwa. Asiyeangalia hutumia nguvu kushindana na mzizi mmoja ambao mapigo kumi ya shoka yangeumaliza. Endelea hivyo, tikisa, angalia, chimba, kata, mpaka shina liegemee bila udongo kupasuka popote. Sasa kimebaki kitu kimoja tu, mzizi mkuu.

Mzizi mkuu wa mwembe au mwarobaini usiufuate hadi mwisho wake. Shambani ukate kwenye kina cha sentimita 60 hadi 80. Kwenye msingi wa nyumba ukate angalau sentimita 30 chini ya kitako cha msingi, na umwonyeshe fundi anayejenga mahali ulipo kabla ya kufukia, kwa kuwa yeye ndiye atakayeamua kama patahitaji kujazwa zege. Shina liegemezwe upande mmoja ili mzizi uvutike, kisha aukate mtu mmoja kutoka upande ulioachwa wazi. Kisiki kinapokaribia kuanguka asibaki mtu ndani ya shimo.

Winchi ya mkono hurahisisha hatua hii ya mwisho. Ifungwe kwenye mti mzima wenye nguvu au kwenye nguzo iliyozikwa vizuri, na mti huo uzungushiwe magunia ili waya usichune gome lake. Mnyororo kwenye kisiki ufungwe juu ya shina, si kwenye tako lake, maana kadiri unavyofunga juu ndivyo wenzo unavyokuwa mrefu. Tandika gunia lenye mchanga au blanketi zito juu ya waya uliokazwa: waya ukikatika, uzito huo huuangusha chini. Waya usiofunikwa hurudi kwa kasi inayoweza kumuua aliyesimama kwenye mstari wake, kwa hiyo watu wote wakae pembeni, umbali unaozidi urefu wa waya.

Ukiwakabidhi vibarua kazi hii, mpatane kwa kisiki, si kwa siku, na makubaliano yataje kina, unene wa mizizi ambayo lazima itoke, nani atafukia shimo na kuni zitakuwa za nani. Hili la kuni laonekana dogo, lakini kisiki cha mwembe kikipasuliwa hutoa mzigo wa kuni wa kutosha kuleta ugomvi mtu anapokuja kuuchukua jioni.

Kutumia mitambo

Visiki vikiwa vingi au vikubwa, kukodi mtambo kwa saa kunaweza kuwa nafuu kuliko majuma ya vibarua, mradi visiki vyote viandaliwe na kuwekewa alama kabla mtambo haujafika; saa ya mtambo huanza kuhesabiwa hata opereta akiwa anakuuliza kisiki kingine kiko wapi. Kati ya kijiko na katapila, chagua kijiko. Kijiko huchimba kuzunguka kisiki, hukata mizizi kwa meno yake, hukiinua na kukikung'uta udongo. Katapila husukuma tu, na pamoja na kisiki huondoa udongo wote wa juu, likikuachia shamba safi lisiloota kitu.

Atakayedhani kwamba mashine kubwa peke yake inamaliza tatizo la mizizi aiangalie Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matingatinga ya mitumba yaliyobaki vitani na baadaye matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya Sherman. Vichaka viliangushwa, lakini mizizi iliyobaki ardhini, katika udongo wa mfinyanzi unaokauka na kuwa mgumu kupindukia wakati wa kiangazi, iliharibu zana kwa wingi na kuirudisha nyuma ratiba ya kulima. Sababu za kushindwa kwa mradi ule zilikuwa nyingi, ila hii ya mizizi ilijitokeza mwanzoni kabisa. Mwaka 1951 mradi ulisitishwa.

Trekta la kawaida la shambani linaweza kuvuta visiki vidogo ambavyo mizizi yake imekwisha kukatwa, kwa sharti moja lisilo na mjadala: mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini ya kuvutia, iliyo chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Ukifungwa juu zaidi, kisiki kikigoma trekta huinua magurudumu ya mbele na kumpindukia dereva kwa mgongo, haraka kuliko anavyoweza kukanyaga klachi. Avute polepole kwa gia nzito, asirudi nyuma na kukimbia mbele ili kukishtua kisiki.

Mashine ya kusaga visiki, yenye gurudumu la meno linalokisaga kisiki kuwa vumbi na vipande hadi sentimita 15 au 30 chini ya ardhi, ni nzuri karibu na ukuta au bomba ambapo kijiko hakiwezi kugeuka, ingawa si rahisi kuipata nje ya miji mikubwa. Huacha mizizi ardhini, kwa hiyo haifai mahali pa msingi. Vipande vilivyosagwa visichanganywe na udongo wa bustani, kwa sababu vinapooza huchukua naitrojeni ya udongo na mimea hubadilika kuwa ya njano. Vitumike kama matandazo juu ya ardhi.

Kuchoma

Kuchoma kunafaa kwa kisiki kilichokufa na kukauka angalau kwa kiangazi kimoja kizima, kilicho mbali na nyumba, ua wa makuti, shamba la jirani na nyaya. Kisiki kibichi hakiungui. Hutoa moshi na kubabuka juu tu. Chimba kukizunguka ili hewa ifike kwenye mizizi, kisha tafuta pipa la chuma lililokatwa kitako na mfuniko, ulisimamishe juu ya kisiki likiwa limeinuliwa kidogo kwa mawe. Pipa hilo huwa bomba la moshi: hewa huingia chini, moto huvutwa juu, na joto hubaki kwenye kisiki badala ya kutawanyika. Washa kwa kuni kavu, na moto ukishakolea ongeza vifuu vya nazi, pumba za mpunga au vumbi la mbao, ambavyo huungua polepole kwa ndani. Petroli isitumike kamwe, kwa kuwa mvuke wake huwaka kabla ya kiberiti kufika, wala matairi, ambayo hutoa moshi wenye sumu na kuacha nyaya udongoni.

Hatari kubwa ya njia hii haionekani kwa macho. Moto hufuata mizizi mikavu chini ya ardhi, hutembea kimyakimya kwa siku kadhaa, na unaweza kutokea mita kadhaa mbali na ulipoanzia. Kwa hiyo usichome wakati wa upepo wa kiangazi, fyeka na kusafisha ukanda wa kuzuia moto pande zote, na uijulishe serikali ya kijiji au mtaa kwanza. Ukimaliza, mwaga maji mengi, chimbua majivu kwa beleshi, mwaga tena, kisha pitisha mgongo wa mkono karibu na udongo kutafuta joto. Shimo la majivu lizungushiwe miiba, maana mtoto au mbuzi akikanyaga majivu yanayoonekana yamepoa hutumbukia kwenye makaa.

Kuua na kuacha kioze

Chumvi ya mawe na oili chafu ndizo dawa zinazopendekezwa mitaani, na zote mbili ni za kuepukwa. Chumvi inayotosha kuua mwarobaini hutosha pia kuharibu udongo wa pale kwa muda mrefu, na oili chafu huingia ardhini na kuelekea kisimani bila kukiozesha kisiki hata kidogo.

Anayehitaji dawa atumie kiuagugu chenye glaifosati au traiklopa, kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kwa walio Tanzania, na afuate vipimo vya lebo. Kinachopuuzwa na wengi ni mahali pa kuipaka. Katikati ya kisiki ni mti mfu usiosafirisha chochote. Sehemu iliyo hai ni ule mviringo mwembamba ulio chini ya gome. Dawa ipakwe hapo kwa brashi, ndani ya dakika chache baada ya kukata, kabla utomvu haujaziba njia. Asubuhi inayofuata umechelewa, na itabidi ukate tena kipande chembamba ili upate jeraha jipya. Usipake mvua inapokaribia, vaa glovu, na kumbuka kwamba miti ya aina moja iliyo jirani wakati mwingine huungana mizizi, hivyo dawa ya kisiki inaweza kufika kwenye mti unaoupenda.

Kisiki kilichokufa kitaoza upesi zaidi kikikosa mambo mawili: ukavu na mwanga. Toboa matundu kwa keekee au drili, yenye upana wa sentimita 2 hadi 3 na kina cha sentimita 20 au zaidi, yaachane kwa takriban sentimita 10. Yajaze samadi iliyooza au mbolea ya urea kidogo, mwagia maji, kisha funika kwa udongo na juu yake karatasi nyeusi ya nailoni. Unyevu wa kudumu na kugusana na udongo ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Mbolea ni msaada tu. Miti laini itaanza kumeguka kwa jembe baada ya miaka michache, lakini kiini cha mninga kitakuchosha kusubiri. Uyoga utakaoota hapo usiliwe.

Njia hii isitumike ndani au karibu na shamba la chai, kahawa au matunda. Kuvu aina ya Armillaria huishi kwenye visiki na mizizi iliyokufa, na kutoka humo huhamia kwenye mizizi ya mimea hai na kuiozesha. Wakulima wa chai wa Kenya wana mbinu ya kuitangulia: mti wa kivuli huchunwa gome kuzunguka shina mwaka mmoja au miwili kabla ya kuangushwa, ili mizizi imalize wanga iliyojiwekea, na kuvu isikute akiba ya chakula. Hata baada ya hapo, mizizi hutolewa kadiri inavyowezekana kabla ya kupanda miche.

Kulifukia shimo

Shimo likikabidhiwa bila maelekezo, hufukiwa kwa haraka na udongo wote kwa pamoja, na mvua ya kwanza hulifanya bwawa. Ondoa vipande vyote vya mizizi, kwanza. Mwaga udongo wa chini kwa tabaka la sentimita 15, ulowanishe kidogo, ushindilie kwa mchi mzito, ndipo uweke tabaka jingine. Udongo hautatosha, kwa sababu kisiki kilichotoka kilikuwa kimechukua nafasi, hivyo andaa wa kuongezea mapema. Mahali pa kujenga jaza moramu badala ya udongo wa kawaida, nayo ishindiliwe tabaka kwa tabaka mbele ya macho yako au ya fundi wako. Shambani na bustanini udongo mweusi urudi juu mwisho, na ubaki umeinuka sentimita 10 hadi 15 kupita usawa wa ardhi, kwani utashuka wenyewe msimu wa mvua ukipita.

Mvua hizo zitaonyesha pia kilichosahaulika. Chipukizi za mwarobaini au mlusina zikitokeza kando ya shimo, usizifyeke kwa panga, kwa kuwa kila pigo huzaa nyingine. Fukua kuzifuata hadi kwenye kipande cha mzizi zilikotoka, ukitoe chote, urudishie udongo.